Neno la Bawabu Halipandi Ngazi

Kwetu pwani, mtu akitamka "chuo" asiongeze neno, wazee hawafikirii majumba ya ghorofa wala kofia za pembe nne. Huelewa darasa la Kurani: mkeka, mbao, wino wa masizi, na mwalimu na bakora yake. Na kabla ya hapo chuo kilikuwa ni kitabu chenyewe. Wahenga wakisema vyuo walikusudia vitabu. Mimi nimesomeshwa katika chuo cha namna hiyo, barazani, na mlango wake haukuwa na kufuli. Mlinzi hatukuwa naye. Ulinzi wetu ulikuwa mama mmoja muuza mbaazi aliyekaa ng'ambo ya kichochoro, aliyejua kila mtoto ni wa nani na kila mgeni ametokea mtaa gani. Akiona jambo asilolielewa humwita mwalimu kwa jina, na mwalimu hutoka.

Siyasemi haya kwa kuililia zamani. Chuo kikuu hakikai barazani, na mwenye kutaka kuwasomesha watu elfu hawezi kumtegemea muuza mbaazi. Lakini nimwombe msomaji alishike jambo moja tu katika kisa hicho: mama akiita, mwalimu hutoka. Katika vyuo vyetu vya leo, kuta zimepanda, kamera zimetundikwa, na bawabu amevishwa sare. Swali langu ni kama bawabu huyo akiita, yuko wa kutoka.

Naandika nikiwa Isiolo, mji ambao msafiri wa kutoka Nairobi huambiwa kuwa ndipo kaskazini inapoanzia. Hapa hakuna mtoto asiyeijua bunduki. Pana kambi za jeshi, pana skuli ya askari wa miguu, na magari ya kijani hupita kando ya wauza maziwa ya ngamia bila mtu kugeuza shingo. Shule ya msingi ya Wabera imepewa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa kwa risasi mwezi wa Juni 1963, yeye pamoja na chifu Haji Galma Dido, hata kabla ya bendera yetu kupandishwa. Njia itokayo hapa kwenda mashariki, ya Garba Tulla na Modogashe, ndiyo pia impelekayo mtu Garissa. Kwa hiyo usalama si neno la hotuba kwa watu wa Isiolo. Ni neno la kila siku, kama maji.

Nimezoea, jua likishatua, kukaa na askari wa langoni wa chuo kimoja hapa mjini. Ni mtu wa makamo, Mborana, mcheshi kwa uchache wa maneno. Vijana humwita soja. Mimi humwita bawabu, naye amelipenda jina hilo tangu nilipomweleza kwamba ni neno la heshima, maana katika Kiarabu limetokana na mlango wenyewe, na kwamba hata majumba ya masultani hayakuingilika bila ya mtu wa jina hilo kuridhia. Akacheka. Akanionyesha mali aliyopewa ya kuulindia mlango wake: rungu, daftari, na kalamu iliyofungwa uzi. Tochi ni yake. Mawe ya tochi hununua mwenyewe.

"Na ukiona hatari, bwana mkubwa, humwita nani?" nilimuuliza.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa hata imechanika kwenye mikunjo. Palikuwa na nambari moja ya simu, ya msimamizi wake wa kampuni, aliye Nairobi. Mkuu wa chuo hana nambari yake. Kituo cha polisi kiko umbali wa kutupa jiwe mara chache, nambari yake hana. Na simu ni yake, salio ni lake. "Mzee," akaniambia, "mimi nikiona kitu, nitamwambia mtu aliye mbali zaidi kuliko hicho kitu."

Tangu asubuhi ile sijaweza kuyatoa maneno haya kichwani, na ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi, kwa sababu nilipoyarudia mambo yaliyokwisha kutupata katika nchi hii nimeyakuta humo humo.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wa Al-Shabaab wenye bunduki walikiingilia Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati ule kilikuwa chuo kishiriki cha Moi. Walianza na walinzi wa langoni, nao hawakuwa na silaha. Kisha wakawaua wanafunzi Wakristo waliokuwa katika maombi ya asubuhi, kisha wakaingia bwenini. Jua lilipotua waliokuwa wamekufa ni watu 148, na 142 kati yao wanafunzi. Msichana mmoja alijificha kabatini, akatolewa siku mbili baadaye, hataki kuamini kwamba wanaomwita ni watu wa kumwokoa.

Nami niliyesomeshwa chuoni nina neno langu hapa, na msomaji aniwie radhi nikilisema kwa uchungu. Wauaji wale waliwatenganisha watu kwa kuwatahini dini. Maneno ambayo mwalimu wangu alinifundisha nikiwa mtoto, niliyoyaandika kwenye ubao na kuyaosha na kuyaandika tena, yalifanywa chekecheke ya kuchagulia nani afe. Sijui tusi kubwa kuliko hilo juu ya mkeka nilioukalia.

Lakini turudi langoni. Watu wengi wakilizungumza jambo la Garissa huuliza bunduki zilikuwa wapi. Bunduki zilikuwako. Garissa ni mji wa kambi kama Isiolo ulivyo, na jeshi lilifika upesi likakizunguka chuo. Kikosi maalumu cha polisi, chenye ujuzi wa kazi ile, ndicho kilichochelewa. Kilitoka Nairobi na kufika baada ya saa nyingi. Mimi nauliza jambo jingine: habari ilikuwa wapi? Maana habari nayo ilikuwako. Siku chache kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kuwa magaidi wanakusudia chuo. Na mmoja wa wale wauaji wanne alikuwa mtoto wa chuo kikuu mwenyewe, aliyehitimu sheria Nairobi. Baba yake, chifu huko Mandera, alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Baba mzazi, tena chifu! Kama neno la mtu huyo halikufika mahali pa kufanyiwa kazi, la mwenye rungu litafika?

Msomaji ataniambia Garissa ni mbali na mambo yake ni ya mpakani. Basi tuje mjini. Tarehe 7 Agosti 1998 lori lilisimama kwenye lango la nyuma la ubalozi wa Marekani, katikati ya Nairobi. Bawabu Mkenya, asiye na silaha, aliamriwa afungue, akakataa. Tafadhali msomaji uyasome hayo mara mbili: akakataa. Akajaribu redio, akajaribu simu, awaite askari wa Kimarekani waliokuwa ndani. Hakupata wa kumwitikia. Lori likalipuka nje ya lango lile, na watu 213 wakafa mjini humo. Serikali yenye fedha kuliko zote duniani ilikuwa na lango, na lango lilikuwa na mtu aliyeijua kazi yake, na kati ya mtu huyo na wenye bunduki palikosekana waya mmoja ulio wazi. Alikuwa ameona. Hakuwa na wa kumwambia.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya shauri langu, kwamba neno la mdogo halipandi. Nusu ya pili ni kwamba neno la mkubwa nalo halishuki, na hilo linauma zaidi kwa kuwa hapa hakuna adui wa kumlaumu.

Tarehe 30 Novemba 2015, miezi minane tu baada ya Garissa, Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi kilifanya zoezi la kujaribu jinsi watu wake watakavyojiokoa wakishambuliwa. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Milio ya risasi ikasikika. Wakuu walijua, polisi walijua. Waliokuwa madarasani na maofisini hawakujua. Watu wakajirusha madirishani; mfanyakazi mmoja wa chuo, mwanamke, akafa, na wengine wengi wakaumia. Chuo kiliomba radhi na kuahidi kuwatibu waliojeruhiwa. Alikufa kwa kuogopa jambo ambalo mwajiri wake alijua kuwa si kweli. Nimelitafutia jina jambo hili katika lugha yetu, ambayo haina uchoyo wa maneno, nami sijalipata.

Na kabla ya hapo, siku kumi tu baada ya Garissa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walioko Kikuyu walisikia mlipuko wa umeme kabla ya mapambazuko. Nao wakaruka. Mmoja akafa, zaidi ya 100 wakaumia. Huko hakuna aliyewapigia risasi wala aliyepanga zoezi. Palikosekana tu mtu wa kutokea, mwenye sauti inayojulikana na kuaminika, akasema: tulieni, ni waya.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa kuwa wako watakaodhani kuwa nataka jambo geni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imekwisha kuyasema yote haya. Kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, ndani yake wakae watu wa mwajiri na watu wa wafanyakazi. Pawe na utaratibu wa kutoka wakati wa dharura, nao ujaribiwe mara kwa mara. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ni wajibu wake kuisema kwa msimamizi, na asilazimishwe kurudi palipo hatari mpaka irekebishwe. Hiyo ni sheria ya Kenya, si ndoto ya mshairi. Chuo kikuu ni mahali pa kazi kama kiwanda cha sabuni. Tofauti ni kwamba kiwandani watu hulikumbuka hilo, na chuoni, kwa sababu pana vitabu na majoho, watu hudhani kuwa kazi inafanywa na maprofesa peke yao.

Lakini tazama ujanja uliopenya. Bawabu aghalabu si mtu wa chuo. Ni mtu wa kampuni, na chuo kimeikodi kampuni. Mfagiaji naye siku hizi ni wa kampuni nyingine. Mpishi pengine ni wa mwenye zabuni. Kamati ikiitwa, huitwa wafanyakazi wa chuo. Na hivyo yule alalaye macho langoni, anayejua gari lipi limezunguka mara tatu na ua umetoboka wapi, hamo. Mfagiaji anayejua mlango upi wa dharura umefungwa mnyororo ili wanafunzi wasitoroshe viti, hamo. Kikao kinajadili usalama kikiwa kimewaacha nje wote wenye kuuona.

Nina mpwa wangu hapa, binti wa dada yangu, karani katika ofisi ya usajili ya chuo ambacho sitakitaja. Nilipomwambia nataka kuandika juu ya usalama wa vyuo alidhani nitaandika habari za Al-Shabaab tu. Akaniambia, "Mjomba, hao nawaogopa mara moja kwa mwaka. Njia ya kutoka langoni mpaka stendi naiogopa kila siku." Masomo ya jioni humalizika saa mbili usiku, na yeye hufunga ofisi wa mwisho. Taa za njia ile zimekufa zamani. Bodaboda hawaingii ndani. Na iko hofu nyingine, aliyoitaja akiangalia kando, ya mkubwa mmoja mwenye desturi ya kuwaita makarani wa kike ofisini mwake baada ya saa za kazi, kwa faili ambazo mchana zilikuwa hazitakiwi.

Sikumuuliza zaidi ya hapo. Yako mambo mtoto wa dada hamwambii mjomba. Lakini nilimuuliza kama kuna ajuaye. Akasema, "Askari wa langoni anajua. Yeye ndiye huona nani ametoka saa ngapi." Daftari lile, basi, lenye kalamu ya uzi, lina habari ambazo hakuna kamati iliyowahi kuzisoma. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na kanuni iliyoandikwa juu ya unyanyasaji wa kijinsia. Mpwa wangu ana miaka minne kazini na hajaiona kanuni hiyo. Huenda iko kabatini. Vitu vingi viko kabatini katika nchi hii.

Wako wenye jibu jepesi: wapeni mabawabu bunduki, jazeni polisi vyuoni. Sikatai kwamba mahali kama Garissa panahitaji polisi; chuo kile kilipofunguliwa tena Januari 2016 kiliwekewa kituo cha polisi ndani, na nadhani mzazi yeyote angelitaka vivyo. Ila bunduki ina upande wake wa pili. Si mbali na hapa, huko Nchiru upande wa Meru, tarehe 27 Februari 2018 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kwa malalamiko yao, na kiongozi wao akapigwa risasi na polisi, akafa. Aliyeitwa kulinda chuo ndiye aliyemwua mtu wa chuo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba usalama ni hesabu ya mitutu nitamwuliza inahesabiwa ikielekea upande gani.

Wengine wataniambia fedha hakuna. Hapo nitakuwa mkali kidogo. Mawe ya tochi si fedha. Nambari ya simu ya kituo cha polisi, iliyoandikwa kwa rangi ukutani mwa kibanda cha bawabu, si fedha. Kumwita bawabu kwa jina lake si fedha. Kuwaambia wafanyakazi, "Kesho saa nne kutakuwa na zoezi, mkisikia kengele tokeni kwa mlango huu," hakuna senti hata moja iliyomo ndani yake. Taa tano za njia ya stendi zina bei, nakubali, lakini nimehudhuria mahafali, nimeyaona mahema na maua, na najua kwamba vyuo vyetu vikitaka kitu cha bei hiyo hukipata.

Na kampuni za ulinzi nazo zisijifiche nyuma ya mikataba. Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti ulinzi wa binafsi mwaka 2016, ili kazi hii iwe na mafunzo na isajiliwe, isiwe tu kimbilio la aliyekosa kazi nyingine. Vyema. Lakini mafunzo ya bawabu hayatoshi kama hakuna mafunzo ya bosi wake: mafunzo ya kusikiliza. Mtu anayelipwa kidogo kuliko wote chuoni ndiye anayesimama mbele ya wote, na mambo yakiharibika hupatwa na mawili: ama hufa wa kwanza, au, akinusurika, huulizwa wa kwanza kwa nini hakufa. Katika hali hiyo ni nani atakayethubutu kusema, "Nimeona gari silijui," akijua kwamba akikosea atachekwa, na akisema kweli ataulizwa amejuaje?

Sitatunga beti leo, ingawa mhariri alizitaka. Nimemshauri mpwa wangu alipeleke jambo hili kwenye kamati ya chuo chao, maana kamati wanayo, kwenye karatasi, na aombe bawabu aitwe. Alijibiwa kwamba watu wa kampuni hawaingii kikaoni. Nikamwambia arudi na ile sheria ya 2007 mkononi, aulize imeandikwa wapi kwamba wamekatazwa. Amerudi nayo. Mwenyekiti amenyamaza siku tatu, kisha amesema aje, lakini kwa kusikiliza tu. Kikao ni saa nne asubuhi, na bawabu huyo hutoka zamu saa kumi na mbili alfajiri, kwa hiyo saa nne humkuta katika usingizi wake wa kwanza. Mpwa wangu alimwuliza kama ataamka. Akasema ataamka, na daftari atakuja nalo.